Maji Moto Nyuma ya Ukuta

Asubuhi ile bomba la maji moto lilikohoa, likatema matone yenye rangi ya chai, kisha likanyamaza. Nilikuwa nimechuchumaa bafuni na chupa tupu ya bia mkononi, nyingine zikisubiri zamu kwenye beseni. Chumbani, upande wa pili wa mlango, mdogo wangu alikuwa anapoa.

Sisemi kupoa kwa kupamba maneno. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mtoto njiti ambaye hata jina alikuwa hajapewa, kichwa chake kikitosha kwenye kiganja cha baba. Alikuja katika miezi ile ambayo baridi ya Ufipa hulala juu ya nyasi kama mvi, na upepo huvuka uwanda mzima bila kukuta mti wa kuuliza unakwenda wapi. Mkunga alimviringisha kwa pamba na kanga, akamwambia mama: huyu hana nyama ya kujipasha mwenyewe. Mzungushieni chupa za maji moto, na mzibadilishe kabla hazijapoa. Mkimwacha akapoa atalala, na kumwamsha itakuwa kazi. Hiyo ndiyo dawa tuliyorudi nayo nyumbani.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya serikali pale Sumbawanga, kwa kuwa baba alikuwa bwana shamba. Ilikuwa nyumba ya zamani, na fahari yake ilikuwa pipa. Nje ya ukuta wa bafu, waliotutangulia walikuwa wamelaza pipa la mafuta juu ya tanuri la matofali. Unawasha kuni chini yake, maji yanachemka ndani, yanapita ukutani, yanakuja mpaka bafuni. Maji ya baridi yaliingia kutoka kwenye tangi lililokaa juu ya nguzo za matofali, na juu ya pipa kulikuwa na bomba jembamba la kutolea mvuke, lililopanda hadi usawa wa paa. Watu wa kijiji cha Milanzi waliokuja kututembelea walipenda kufungua koki ya bafuni na kuchekacheka, maji yakitoka na moshi wake.

Sasa hakuna aliyecheka.

"Baba!" niliita. "Maji moto yamekatika."

Baba alikuja anafunga mkanda. Akafungua koki, akaifunga, akaifungua tena. Upepo mtupu. Akafungua ya maji baridi iliyokuwa kando yake, ikamwagika kwa nguvu mpaka ikamlowesha viatu. Akatoka, akapanda ngazi, akachungulia tangi. Limejaa. Akaweka kiganja karibu na pipa, akakiondoa haraka. Linawaka. Tukasimama pale mimi na yeye, tukisikiliza maji yakinguruma ndani kama tumbo la ng'ombe, huku mvuke ukichezacheza juu ya paa. Maji yalikuwepo. Yalikuwa moto. Yalikuwa hatua chache tu kutoka kitanda cha mama, na hayakutaka kuja.

"Bomba limeziba," baba akasema.

Naomba nieleze kwa nini hatukuweka sufuria jikoni tukamaliza maneno. Sufuria tuliweka. Lakini mkaa ulikuwa umekwisha, mafuta ya taa hayakuwa yameonekana kwenye duka la ushirika muda mrefu, na kuni Ufipa si kitu cha kwenda kuokota nyuma ya nyumba. Kuni zetu zililetwa kwa lori kutoka kwenye mteremko wa kushukia ziwani, na rundo tulilokuwa nalo baba alikuwa amelipiga hesabu kichwani. Jikoni kuni hizo zingetuchemshia sufuria moja moja na kwisha upesi. Chini ya pipa, moto mmoja uliweka maji ya kujaza chupa mchana kutwa hadi asubuhi. Kwa hiyo magogo yote manene yalikuwa yameshaingia tanurini tangu alfajiri, kuni chache zilizobaki zikawekwa za kuulisha moto huo huo, na jikoni nilibakiwa na magunzi ya mahindi, ambayo huwaka kwa mbwembwe na kufa kabla maji hayajatoa povu.

Bibi alikuwa amefika jana yake jioni kutoka upande wa Kaengesa, ili amkande mama. Kwetu mzazi hukandwa na maji ya moto, tumbo na mgongo, mpaka damu mbaya imtoke na mwili urudi mahali pake, na siku hizo zote hagusi maji ya baridi, hata ya kunawa mikono. Bibi alikuwa mama mzaa mama, yaani mkwe wa baba, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Baba hakuweza kumtazama usoni wala kusema naye moja kwa moja. Bibi akitokea mlango wa mbele, baba anatokea wa nyuma. Wakilazimika kukaa ua mmoja, kila mmoja anautazama ukuta wake, na maneno yanapita kwangu.

"Mwambie bibi yako asihangaike, ninazibua bomba," baba alisema, mgongo wake ukielekea mlangoni aliposimama bibi.

"Bibi, baba anasema—"

"Nimesikia. Mwambie baba yako miguu ya mtoto imekuwa kama ya chura."

"Baba—"

"Nimesikia," alisema baba, na mikono yake ikaanza kwenda mbio.

Alileta spana ya baiskeli. Akafungua mahali bomba lilipoungana, pale linapoingia ukutani, na kutu nyekundu ikamwangukia kifuani. Akachomoa spoki ya gurudumu, akaiingiza, akaikoroga kwenda na kurudi. Ilitoka na matope kidogo, basi. Akaweka mdomo kwenye bomba akavuta, mashavu yakabonyea. Akapata hewa ya moto iliyomfanya aruke nyuma na kufunika midomo kwa mkono. Alipotaka kurudishia, bomba likawa halikazi tena. Akazungushia nyuzi za katani, akataka kitu cha kuzibia.

"Sabuni," aliniambia. "Niletee sabuni."

Sabuni ilikuwa kipande kimoja, mama alikuwa amekihifadhi kwenye kopo kwa ajili ya nguo za mtoto, na hapakuwa na kingine mjini kwetu kwa bei wala kwa kubembeleza. Nilipokwenda kukichukua mama alikuwa amekaa kitandani, mtoto kamweka kifuani ngozi kwa ngozi, na chupa tatu zilizovalishwa soksi za sufu za baba zikiwa zimewazunguka. Nilizishika. Ya kwanza ilikuwa vuguvugu. Nyingine zilikuwa chupa tu.

"Bado?" mama aliuliza.

"Baba anatengeneza."

Mama alivuta blanketi, nikaona kidogo uso wa mtoto. Kope hazikucheza. Rangi yake, iliyokuwa nyekundu alipoletwa, ilianza kuwa ya majivu kandokando ya mdomo. Nilibeba ile sabuni huku nikijua kwamba ninaiba.

Baba aliipondaponda na katani, akaziba, akakaza. Akaongeza kuni. Tukangoja. Pipa liliunguruma zaidi, mvuke ukatoka kwa hasira, bafuni koki ikaachama mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Jirani yetu, mke wa mzee mmoja wa Kiislamu mwenye lori la kwenda Wampembe, kule ziwani, kuchukua samaki wakavu, aliingia uani na chupa ya chai kwapani. Alikuwa mwanamke ambaye hata msibani hakukosa neno.

"Nimewaletea maji ya moto ya kuanzia, mengine yako jikoni yanachemka," alisema. Kisha akalitazama pipa. "Na hili vipi? Moto wote huu, kelele zote hizi, hakuna kinachotoka? Limekuwa kama katibu wa chama kwenye mkutano!"

Siku nyingine baba angecheka kwa siri na kumwomba asiseme kwa sauti. Siku ile alichukua nyundo akaanza kugonga bomba, pole pole, sikio lake likiwa juu ya chuma, akitafuta mahali mlio unapobadilika. Haukubadilika. Niliona machozi yanamtoka, naye aliyaacha, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Maji ya jirani yalijaza chupa mbili. Chai aliyokuwa amewawekea watu wake ilitoka kwenye birika, nayo tukaipokea, ikaingia chupani na majani yake. Magunzi yaliisha. Upepo wa mchana ulianza, ule unaoingia chini ya milango, na jua lilikuwepo juu yetu, kubwa na jeupe, bila faida yoyote. Nililichukia jua baada ya hapo. Katika umri wangu wote sijapata kuona kitu kinachong'aa hivyo na kutoa kidogo hivyo.

Alasiri bibi alitoka. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, mikono yake mitupu, na aliupita mlango, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa baba. Nilitazama chini kwa aibu, maana nilidhani hajamwona.

"Baba," alimwambia. Alimwambia yeye. "Amekuwa mweusi mdomoni. Vunja hilo pipa."

Baba aliinama, macho kwenye matofali. Kwa muda alitafuta kwangu neno la kupitisha, akakuta sina. Akajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtoto wa shule.

"Nikivunja, mama, maji yatamwagikia moto. Tutakosa vyote."

"Hayatamwagika yote. Toboa juu, nitachota kwa kata. Humo mmejaa maji ya moto matupu, hakuna tone la baridi. Nimelifunga mwenyewe alfajiri."

"Umefunga nini, mama?"

"Bomba la baridi! Nilipokuwa nachota ya kumkanda mwanangu, niliweka mkono pale chini ya tangi, nikakuta maji ya baridi yanakimbilia kwenye pipa. Nikasema hawa watu wana akili? Mzazi yumo ndani, nao wanamchanganyia baridi kwenye maji yake! Kile kikoki nakijua, misheni kule kwetu vipo. Nikakikaza."

Baba alikuwa ameshaanza kukimbia. Nyuma ya nguzo za tangi, mahali ambapo majani yalikuwa yameota hadi magotini, palikuwa na koki ndogo ya shaba ambayo tangu tuhamie haikuwahi kufungwa, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuifikiria. Bibi alimfuata nyuma.

"Unafanya nini? Utayapoza! Unampoza mtoto!"

"Hayapoi, mama. Ya baridi yanaingia chini, yanayasukuma ya moto juu. Yasipoingia haya, yale hayana wa kuyatoa."

"Maji yakasukumwe? Yana miguu?"

Koki ilikuwa imekazwa na mikono iliyolima matuta ya ulezi miaka mingi. Baba aliishika kwa spana, ikateleza. Akaishika kwa shati lake. Ikalia. Kisha tukasikia kitu kikipita ndani ya chuma, kirefu, kama mtu anayeshusha pumzi, na kutoka bafuni jirani yetu akapiga kelele ambazo sikuelewa kama ni za msiba au za furaha.

Nilipofika bafuni, koki ilikuwa inatapika. Kwanza kutu, kisha hewa na maji kwa kupokezana, kisha maji tu, yenye moshi, yakigonga beseni. Jirani aliruka kando, kanga imemlowa, akisema na Mungu wake. Bibi aliingia akatia kiwiko kwenye beseni. Alikaa nacho mle ndani muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Hakusema kwamba amekosea wala baba hakumngojea aseme. Bibi alisema tu, "Chupa."

Kuanzia hapo sikumbuki maneno, nakumbuka mikono. Mikono yangu ikijaza, ya jirani ikifunga vizibo, ya bibi ikivalisha soksi na kujaribu kila chupa kwenye shavu lake mwenyewe kabla ya kuipitisha. Chupa moja ilipasuka kwa moto, ikanikata, nikaendelea. Baba hakuruhusiwa kuingia chumbani, alikaa nje kwenye tanuri akilisha kuni moja moja, na kila nilipopita dirishani aliniinulia uso.

Chumbani, chupa zilimzunguka mtoto, tukazibadilisha, tukazibadilisha tena. Bibi alimpaka mafuta ya nyonyo, akamsugua miguu kwa vidole viwili, akimsemesha Kifipa taratibu kama mtu anayemwita kuku arudi bandani. Mama alikuwa amemkumbatia, macho kayafumba. Jua lilishuka ukutani. Nilihesabu pumzi za mtoto, nikazipoteza, nikaanza upya. Nilifikiri juu ya jina lake. Nilifikiri kwamba tukimpa labda atabaki, halafu nikaogopa kwamba tukimpa atakuwa na kitu cha kwenda nacho.

Mama akafumbua macho. Akainua blanketi, akatazama kifua chake, akatutazama.

"Kanikojolea," alisema.

Hatukumwelewa.

"Kanikojolea mpaka tumboni." Sauti yake ilikatikia katikati ya kicheko na kitu kingine. "Ya moto."

Bibi aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa, akautazama unavyong'aa. Akakaa sakafuni ghafla, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia. Lakini mkono mwingine alikuwa ameshaunyoosha kwangu, kiganja juu, akitaka chupa nyingine.