Siku Treni ya Port Bell Iliposubiri

Harufu ya dagaa wanaokauka juu ya kokoto zilizopigwa jua ndiyo iliyonilea. Nyumba yetu ya Luzira ilipakana na reli fupi inayoshuka kutoka Kampala hadi Port Bell, ambako mabehewa huingizwa melini na kuvushwa ziwa. Wanaosimulia reli husimulia ile ndefu ya Mombasa. Lakini avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Treni yetu ilikwenda polepole hata mama yangu, Mkenya aliyemfuata baba kwenye kazi ya bandarini, akawa anasalimiana na dereva bila kupaza sauti.

Nilipokuwa darasa la tatu, meli ilipelekwa kwenye matengenezo na treni ikaacha kuja. Mvua zikanyesha, nyasi zikafunika mataruma, watu wakapanda mahindi kandokando. Jirani yetu Hajati Zaina, muuza dagaa, akasimamisha kibanda cha mabati katikati ya reli kabisa. “Reli imelala,” alisema, “acha nami nijiegeshe.” Humo ndimo binti yake Rehema alimokuwa akichambua dagaa alasiri moja uchungu ulipomshika. Mkunga wa mtaani alipofika alikuta mtoto yu karibu kutoka, akakataza mama yule asisogezwe hata kidogo. Ndipo tukasikia honi upande wa Kinawataka. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba meli imerudi.

Mama alinishika mkono tukakimbia juu ya mataruma, yeye akipunga leso yake. Vyuma vililia, treni ikasimama. Dereva akachungulia dirishani.

“Nyabo, mama wewe, reli ni ya treni!”

“Leo ni ya Rehema. Anajifungua pale kibandani.”

Dereva alitazama mabati, akavua kofia, akazima injini. “Basi tungoje. Hata mimi nilizaliwa na mtu.”

Tulirudi mbio kibandani. Rehema aliguna, kisha akanyamaza, na Hajati akaacha kuvuta tasbihi yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwona Hajati akishikilia ukuta wa bati kana kwamba ardhi inamkimbia. Halafu mtoto akalia. Wanawake wakapiga vigelegele, dereva akataka kupiga honi ya furaha, Hajati akamkemea: “Usithubutu, utamshtua mjukuu wangu!” Rehema alibebwa nyumbani juu ya godoro, na wafanyakazi wa treni wenyewe wakabandua mabati, bati moja moja, wakayaegemeza ukutani kwa Hajati. Kisha treni ikapita taratibu juu ya nyasi.

Siku hizi reli hiyo imekarabatiwa, vibanda vimeondolewa, na sioni ubaya. Hakuna mtu anayepaswa kuzaliwa njiani mwa treni. Ila juzi, hapa Ntinda, mtaa wa Kampala ninapoishi, gari la wagonjwa lilikwama nyuma yetu kwenye foleni, likilia. Nilishusha kioo nikamsihi dereva wa mbele asogee kidogo. Akanijibu kwamba ana haraka. Sote tulikuwa na haraka, na hakuna gari lililokuwa likienda popote.