Mwanaume Anayeshinda Nyumbani

Kazi yangu ni kushauri watu kuhusu kompyuta na mifumo yake, na sina bosi. Ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi peke yangu hapa Uyole: meza, laptop mbili, na dirisha linalotazama njia ya kwenda sokoni. Wateja wangu wengi sijawahi kuwashika mkono. Nikieleza hivyo mtaani, watu huitikia kwa huruma, kana kwamba nimewaambia naumwa ila naendelea vizuri.

Kwetu mwanaume mwenye kazi hutoka asubuhi, hurudi jioni. Anayeshinda nyumbani hana kazi, na asiye na kazi huchimba makaburi. Hakuna aliyeipitisha sheria hiyo, ipo tu. Msiba ukitokea, wenye kazi hutoa rambirambi na kuja kuzika wakiwa na mashati yaliyopigwa pasi. Sisi wengine hutangulia na makoleo.

Aliyetuongoza ni jirani yangu, fundi mwashi mstaafu, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alikuwa akisimama dirishani, ananitazama ninavyobonyeza, kisha anasema, "Wewe si upo tu? Njoo tukachimbe."

"Mzee, niko kazini."

"Naona," alikuwa akijibu, na kuningoja na sururu yake begani.

Siku moja alinikuta katikati ya kikao cha mtandaoni na wateja wa Dar es Salaam. Akaingia ndani, akainama mbele ya kioo cha laptop, akawaona wale waliovaa tai, akawasalimia vizuri kabisa, kisha akawaambia kuna msiba na kijana wake anahitajika. Kikao kikaahirishwa. Siku hiyo nilichimba kwa hasira tupu. Mzee alinisifu mbele ya watu, akasema leo nimeamka.

Sikuipenda kazi ile. Udongo wa kwetu ukinyeshewa hung'ang'ania koleo, na mgongo wangu umezoea kiti. Lakini kaburini watu wanaongea. Mmoja akiwa ndani anachimba, wengine wako ukingoni wanamtania. Zamu yangu ikifika walikuwa wakiniuliza, "Unachimba huko au unabonyeza?" Mzee alizikagua pembe kwa jicho la fundi, na ikipinda hata kidogo alikurudisha shimoni. Tukimaliza tulikaa chini, kwenye migomba, tukaletewa wali na maharage. Hapo hakuna aliyewahi kuniuliza ninaishi vipi.

Hata hivyo niliitaka ile heshima. Nilitamani siku moja mzee apite dirishani, anitazame, halafu aendelee na safari yake.

Mwaka huu kiwanda kidogo cha maziwa cha Iringa, pale Mlandege, kiliniita kukitengenezea mfumo wa kupokea taarifa za wafugaji wa Kalenga na vijiji jirani. Walituma gari kunifuata. Dereva alipiga honi getini, nami nikatoka na begi, kitambulisho chao kikining'inia shingoni. Mzee alikuwa nje kwake. Akaliangalia gari, akakiangalia kitambulisho, uso wote ukamchangamka.

"Kumbe umepata kazi! Ndaga, mwanangu, ndaga," akashukuru kwa kilugha.

"Nilikuwa nayo siku zote, mzee."

"Haya, haya. Nenda, usije ukachelewa."

Kule Iringa nilifanya yaleyale ninayofanya chumbani kwangu, tofauti ni kwamba nilionekana nikiondoka. Niliwapigia simu wateja, sikumpigia mtu yeyote wa mtaani, na hakuna wa mtaani aliyenipigia. Nilidhani hakuna jipya.

Gari liliponirudisha, tulikuta turubai limefungwa nje kwa mzee. Ni presha, waliniambia. Walikuwa wanamzika mchana huohuo. Kaburi lilikuwa tayari, nyuma ya nyumba yake, nikaenda kulitazama. Pembe moja ilikuwa imepinda. Asingeikubali.

Wachimbaji wenzangu walikuwa wamekaa chini wanakula. Nilitaka kukaa nao, lakini wakasimama wote, na mmoja akakimbia kuniletea kiti cha plastiki. Alikifuta kwa mkono wake wenye udongo, akagundua anakichafua, akakifuta tena kwa kiwiko.

"Mbona hamkuniita?" niliuliza.

Walitazamana.

"Mzee ndiye alikataza," akasema yule wa kiti. "Alivyozidiwa alituambia, langu mtachimba nyie. Yule msimsumbue, yule ana kazi."

Nilikaa kwenye kile kiti, na shati langu lililopigwa pasi, nikalia.