Mama wa Hadithi Halii

Siku hiyo kinyozi hakukalika. Alimnyoa mteja, akatoka kibarazani, akarudi, akaketi, akainuka. Gazeti lililochapa hadithi yake kila Jumamosi lilikuwa limeikataa sura ya juma hilo, na mhariri alimpigia simu mwenyewe.

"Fundi, binti anaolewa, anahama, na moyo wa mama yake umepasuka mara nne katika ukurasa mmoja. Tumpeleke hospitali? Nataka nimwone anavyoumia. Niletee leo jioni, la sivyo nafasi nampa mwingine."

Kwenye kioo, kinyozi alimjua mteja aliyegombana na mkewe kabla hajavua kofia. Akishika kalamu, watu wake wote walilia machozi ya duka moja.

Ndipo alipokumbuka siku binti yao wenyewe alipohama. Mkewe hakulia. Aliburuta kitanda cha mtoto hadi dirishani, akakirudisha ukutani, akakiburuta tena, hata majirani wakauliza kulikoni. Kinyozi akafunga duka, akaandika yote hayo mbiombio, akaenda nyumbani kumsomea.

Mkewe alisikiliza huku akikunja nguo.

"Umeniandika mimi."

"Nimeandika mama yeyote."

"Mama yeyote haburuti kitanda, baba watoto. Na tena umekosea. Eti alikuwa akitafuta harufu ya mwanawe. Mimi nilikuwa napima cherehani yangu itakaa wapi. Nilifurahi kupata chumba. Nikiona haya, nakirudisha kitanda. Furaha ikinizidi, nakiburuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Kutwa unapiga soga na vichwa vya watu."

Kinyozi akazunguka meza. "Nikiandika hivyo, mtoto si atasoma?"

Mkewe akakunja shati jingine. "Atasoma. Cherehani iondoe, ni yangu. Kitanda pia. Huyo mama mpe haja yake mwenyewe."

"Haja gani?"

"Mtu wako, unaniuliza mimi?"

Alizunguka meza ile mpaka mkewe akamfukuza uani. Huko uani akaandika amesimama, karatasi ameikandamiza ukutani. Jua likiwa linazama alimpigia mhariri.

"Enhe, analia?"

"Halii. Anapima chumba cha binti kwa hatua, aone kama meza yake itaenea. Anafurahi, na furaha yenyewe inamtia haya."

"Na binti ameshaondoka?"

"Bado. Yuko mlangoni, anamtazama."

"Lete basi. Nafasi yako naishikilia."