Rafu ya Vitabu vya Yaya

Kaka yangu mkubwa alipopata safari ya kwenda Kanada na mke wake na watoto, aliniachia magunia mawili ya vitabu. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu Kivu ya Kusini. Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda tulikoishi naye akifundisha, kila aliyetaka kusoma alipiga hodi kwake, naye aliazimisha bila kuandika popote. Mimi sikuwa kwenye faili yake ya kuhamishiwa Kanada, kwa hiyo nilibaki.

Baadaye nilipata kazi ya kufundisha Kifaransa mjini Mbarara, nikapanga chumba na jiko mtaa wa Kamukuzi, ghorofa ya pili. Vitabu vilikaa kwenye magunia kama mahindi, mpaka nilipokwenda kwa seremala mmoja wa kando ya barabara. Akanionyesha rafu ambayo mbao zake zinahamishika.

"Nyabo, hii unapandisha, unashusha, namna unataka," alisema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, huku akichomoa vipini vidogo vya chuma kwenye matundu na kuvichomeka juu zaidi. "Lakini tafuta mtu wa kushika upande ingine."

Nikamwambia sawa, nikainunua. Sikumwambia kwamba mtu huyo sina.

Jumapili nilijaribu mwenyewe. Niliuegemeza ubao begani, nikachomeka kipini cha kushoto. Nilipofika kulia, kushoto kukateleza na kamusi ikaniangukia mguuni. Nilikaa sakafuni nikalia, na si mguu ulioniliza. Tangu hapo niliziacha mbao zilivyokuwa, vitabu virefu nikavilaza. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilivipanga upya, si kwa kuwa vilihitaji, bali mikono ipate cha kufanya.

Jumamosi moja ya mvua nikasikia hodi. Alikuwa mama Mrundi niliyemjua kwa sura tu, muuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, katika soko la Nakivale. Alikuja Mbarara kutibiwa macho, akaelekezwa kwangu. Mkononi alishika kitu kikubwa kilichofungwa kwa mfuko wa unga.

"Mwalimu yuko?" aliuliza. "Aliniazima hiki kitabu cha ramani, watoto wasome. Nimekaa nacho mpaka nimeona haya."

"Alienda Kanada, mama. Huu ni mwaka wa tatu."

Alibaki mlangoni, maji yakimtiririka kwenye kitenge. "Na hakuniaga," alisema taratibu.

"Waliitwa kwa haraka. Ingia, tafadhali."

Nilichemsha chai. Akaniambia kuwa mtoto wake wa kwanza alipoiona Burundi kwenye ramani alikasirika, kwa sababu iliweza kufunikwa na kidole kimoja. Tulicheka. Kisha nikajaribu kukisimamisha kitabu kwenye rafu, kikagoma kuingia. Nilitaka kukilaza, lakini yeye alikuwa ameshasimama.

"Shika huko," alisema, "mimi nashika huku."

Ubao ukapanda mara moja, umenyooka. Kazi ilikuwa imekwisha, ila nikamwambia tuongeze tundu moja, halafu nikamwambia limezidi, turudishe. Nadhani alinielewa. Alishika bila kuuliza, akanywa chai ya pili, ndipo akaenda kuwahi gari la Nakivale.

Jioni hiyo nilimpigia yaya simu, nikamsimulia yote.

"Mama wa ndagala?" Alifikiri. Nyuma yake watoto walizungumza Kiingereza. "Simukumbuki. Na nilikuwa na kitabu cha ramani?"

"Ulikuwa nacho."

"Vilikuwa vitabu mingi. Weye uko muzuri?"

"Niko muzuri, yaya."

Alikuwa anaenda kazini, tukaagana.

Mwezi uliofuata nilikwenda Nakivale kununua ndagala, ingawa Mbarara wanauzwa kila kona. Yule mama hakuwepo. Jirani yake wa meza alisema bado anahangaika na macho. Nilinunua kwa huyo jirani, nikaacha salamu. Aliniuliza aseme zimetoka kwa nani. Nikasema, dada wa yule mwalimu wa vitabu.