Nyambizi Iliyozama Kizingo

Mume wangu aliigeuza stoo yetu ya chini kuwa karakana bila kuniuliza. Nilirudi kutoka sokoni Marikiti na kikapu changu, nikaingia kuweka vitunguu mahali pake pa siku zote, nikakuta vile vya juzi vimehamishiwa chini ya ngazi. Juu ya meza yangu ya kusukumia chapati palikuwa na jiliwa la kubania vyuma, na ili likae imara meza ilikuwa imetobolewa matundu. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Naye akanitazama, akasema, "Meza hii ni nzito, haitikisiki." Alidhani ananisifia.

Nilikuwa na la kumjibu, tena la kumtosha, lakini niliuuma ulimi. Mume wangu alikuwa mpiga mbizi bandarini. Alishuka chini ya meli kukagua matumbo yake, kukata kamba zilizojisokota kwenye rafadha inayosukuma meli, kutafuta vitu vilivyoanguka. Alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu, ana njaa, hana maneno. Nikimuuliza huko chini kuna nini, atanijibu, "Kuna maji," kisha ataomba chai. Nimeishi naye miaka yote hiyo nikimpikia mtu anayetoka mahali nisipopajua hata kwa kusimuliwa.

Kisha siku moja alitoka majini damu ikimtiririka masikioni. Daktari alimwambia ngoma za masikio zimeharibika, na akitia kichwa majini tena atabaki kiziwi. Akastaafu kabla ya wakati wake. Tangu hapo akawa anaoga kwa kopo, kashindilia pamba masikioni, uso kauinua juu asiguswe na tone. Mtu aliyezoea kushuka chini ya meli nzima sasa anaogopa kopo. Nilikuwa nikimwona hivyo roho ikiniuma, na hatukulizungumza.

Aliyemwingiza kwenye mambo ya nyambizi ni jirani yetu, Muhindi mwenye duka la nyuzi na vifungo Biashara Street, bwana mpole ambaye hata nguo ya kufanyia kazi huipiga pasi. Tangu ujana wake amekuwa akiunda meli ndogo kwenye roshani ya nyumba yake, mpaka mkewe alipochoka na harufu ya gundi akamtoa na vikorokoro vyake. Basi alikuja kwetu kunywa kahawa, akamwonyesha mume wangu kwenye simu watu wa nchi za mbali, watu wazima wenye mvi zao, waliojitengenezea karakana majumbani wakiunda nyambizi ndogo zinazozama na kuibuka kwenye madimbwi. Mume wangu alitazama asipepese. Aliuliza swali moja tu, kama inawezekana kutia kamera ndani.

Jioni ile aliniambia, "Nataka kuona tena huko tini. Hata kidogo, hata kwa mato ya mashine." Baada ya maneno hayo, suala la meza ya chapati niliona halina maana tena.

Wakaanza. Mwili wa nyambizi ulikuwa kipande cha bomba la plastiki la maji machafu. Mapezi waliyakata kwenye bati la kopo la mafuta ya kupikia, na kopo lenyewe halikuwa limekwisha. Pua ilikuwa ya plastiki nyangavu ili kamera ipate kuona mbele, na vifuniko vilizibwa kwa ringi za mpira zilizopakwa grisi. Mimi nilikuwa najua mikono ya mume wangu kuwa ni mikono isiyoweza kutundika pazia likakaa sawa. Nikashuka na chai nikaikuta inapitisha waya kwenye tundu ambalo mimi na sindano yangu tungelipata kwa taabu. Nilisimama na sinia mpaka chai ikapoa.

Namna yao ya kujaribu ilinistaajabisha zaidi. Walitia karatasi laini ya msalani ndani ya nyambizi, wakafunga, wakaizamisha kwenye tangi la simiti la uani na jiwe juu yake, kisha wakaenda msikitini. Wakirudi waliifungua na mume wangu aliigusisha ile karatasi kwenye midomo yake. Alisema vidole vinadanganya, lakini mdomo unaujua unyevu. Mara nyingi alitikisa kichwa, wakavua ringi zote wakaanza upya. Siku alipoigusa karatasi asitikise kichwa, jirani akasimama, na mimi niliyekuwa nikianika nguo nikasimama vilevile. Alinipa niiguse. Ilikuwa kavu kabisa. Nilihisi nywele zimenisimama kwa ajili ya karatasi ya msalani, na sioni haya kusema.

Niliwauliza kwa nini wasiende kuijaribu baharini, nasi tunakaa kisiwani. Jirani alinieleza kwa upole wake: "Shemeji, maji ya chumvi yanameza mawimbi ya redio. Ikishazama tu, haiisikii rimoti." Ndipo nilipojua kwamba watu hawa wawili, wenye bahari kila upande, walikuwa wanatafuta bwawa. Kwa bahati jirani ana jamaa yake anayekaa mtaa wa Kizingo, mwenye bwawa la kuogelea nyumbani.

Ilibaki kuipimia uzito. Walivyonieleza, nyambizi ile ilitakiwa iwe nzito karibu sawa na maji, iwe na wepesi kidogo tu. Mashine ikiisukuma, mapezi yanaizamisha. Mashine ikisimama, inaibuka yenyewe. Basi wakawa wanatia vipande vya risasi ndani, wanaiweka kwenye lile tangi la uani, wanaitoa, wanapunguza kipande cha ukubwa wa ukucha. Mwishowe ilitulia majini ikabaki inachungulia ncha ya mnara wake wa mgongoni tu. Nilipoisukuma kwa kidole ilishuka polepole, ikarudi polepole. Nilimpigia dada yangu simu kumweleza, akaniuliza kama nina homa.

Siku ya Kizingo tulipita Mama Ngina, kule ufukweni, tukanunua mihogo ya kukaanga, tukaila garini tukiwa na wasiwasi kama watu wanaokwenda kuposa. Mume wangu aliipakata nyambizi mapajani njia nzima. Pale bwawani aliiweka kwenye maji yeye mwenyewe, akiwa amepiga magoti, na jirani akaiwasha kwa rimoti. Ikaondoka. Ikainamisha pua ikashuka, nasi tukaiona ikipita chini kwenye vigae vya samawati, kivuli chake kikiifuata. Jirani machozi yalikuwa yakimlenga.

Kisha akaizima mashine ili iibuke, nayo ikaendelea kushuka. Ilikwenda mpaka kina kirefu, ikatua kwa mkia, pua ikatazama juu. Jirani aliwasha, akazima, akawasha tena. Rafadha imebanwa na vigae, haikusogea.

Mume wangu akavua viatu, kisha kofia. Akaanza kufungua vifungo vya shati, na vidole vya miguu vilikuwa vimeshapita ukingo wa bwawa. Nilimkamata shati kwa nyuma kwa mikono miwili.

"Niwate," alisema, bila kugeuka.

"Sikuwati."

"Ni pafupi hapa. Nashuka mara moja tu."

"Ukitoka humo nikikwita hutanisikia tena," nikamwambia. "Basi kama wataka kuingia, ingia nami nakushika."

Mimi siwezi kuogelea, naye anajua. Alivuta, nikasikia mshono wa shati ukiachia. Alisimama pale akiyatazama yale maji, kisha bega lake likalegea akakaa chini ukingoni.

Mtunza bustani wa nyumba ile ndiye aliyeivuta kwa wavu wa kuondolea majani. Waliifungua palepale. Karatasi waliyoitia ndani ilikuwa kavu. Jirani akaanza kutaja sababu hii na hii, na mume wangu, bado amekaa, akatia kidole bwawani akakilamba.

"Maji matamu haya," alisema.

Tangi letu la uani hujazwa kwa maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi kama visima vyote vya mtaani. Maji matamu tunayanunua kwenye mkokoteni, nami siyatoi ila kwa chai na kupikia. Nyambizi ilikuwa imepimiwa uzito kwenye maji yanayobeba kitu zaidi, ikaja kutiwa kwenye maji yasiyobeba. Wataalamu wangu wawili walijua kwamba chumvi inameza redio, wakasahau kwamba wameizoea chumvi mpaka hawaioni. Jirani alicheka hadi akavua miwani. Alisema asiye na kisima cha Mji wa Kale hawezi kukosea namna hii hata akijitahidi.

Nyumbani tulikaa sebuleni kutazama kilichonaswa na kamera. Vilipita vigae, vikapita tena, kisha picha ikapinduka na jicho likaelekea juu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Maji kwa chini yana dari, dari yenyewe inang'aa na inapumua, na mwanga unashuka ndani yake kwa nyuzinyuzi. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote alinijibu kuna maji, alianza kunionyesha kwa kidole. "Hiyo ndiyo yuu. Ukiwa tini ndivyo uionavyo. Watu hukatika vipande, kisha huungana."

Na watu walikuwapo. Mmoja ameinamia maji, na nyuma yake mwingine, mweusi mtupu kwa buibui, amemng'ang'ania shati. Hapakuwa na sauti. Walikatika, wakaungana, na yule mweusi hakuachia.

Aliisimamisha picha hapo. Akasema, "Kila niliposhuka, yuu palikuwa na mtu ameshika kamba niliyofungwa kiunoni. Sikupata kumuona sawasawa hata siku moja. Naliona rangi tu, na mkono. Lakini kamba ikikaza, nikijua yupo."

Kisha akairudisha picha nyuma, tukaitazama tena.