Unga Ulioandikwa Dhahabu

Ilitangazwa rasmi mjini Malaba, chini ya mahema matatu meupe na mbele ya kwaya mbili, kwamba kuanzia Julai, mwaka mpya wa fedha wa serikali, hakuna sampuli ya utafiti itakayokaa mpakani zaidi ya dakika thelathini. Sayansi, alisema mgeni wa heshima, haina pasipoti. Alikata utepe mbele ya dirisha namba nne, lililopakwa rangi ya samawati ili lisichanganywe na madirisha ya saruji na samaki, akaahidi kwamba kila robo ya mwaka wananchi watasomewa taarifa ya sampuli zilizochelewa, endapo zitakuwepo.

Eriaku alikuwa safu ya saba, kwenye kiti cha plastiki, na haina budi kusemwa kwamba aliamini.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na shahada ya uzamifu ya kemia. Mtaani Burumba, katika mji mwingine wa mpakani alikopanga nyumba, shahada hiyo ilimletea watoto wenye kikohozi. Aliwaeleza akina mama kwamba yeye ni daktari wa chupa, si wa watu. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakauliza mtoto apewe nini. Mchana alifundisha kemia katika chuo kimoja cha ufundi. Saa zilizobaki alijifungia katika stoo ya nyuma ya maabara, akitengeneza kitu ambacho kwa miaka kumi na miwili hakikuwa kimemfaa mtu yeyote.

Kitu chenyewe kilikuwa unga wa manjano. Katikati ya kila chembe yake kulikuwa na dhahabu, imebanwa na mikono ya kaboni na naitrojeni kama kaa la moto lilivyobanwa na koleo. Kazi ya mikono hiyo ilikuwa kuishikilia dhahabu mpaka iingie ndani ya seli ya saratani, kisha kuiachilia humo ifanye uharibifu. Mara mbili maabara moja ya Kampala iliujaribu kwenye visahani vya kioo, na mara zote mbili seli za saratani zilikufa na seli za figo zikabaki hai. Mara ya tatu ndiyo ingehesabika. Bila hiyo hakuna jarida lingechapisha, na ufadhili, ambao muda wake ulikuwa unaisha tarehe thelathini Septemba, usingeongezwa.

Suala la figo lilikuwa na jina. Jina lake lilikuwa Adeke.

Adeke alikuwa dada yake mkubwa, na aliwauzia chai madereva wa malori kwenye foleni ya Malaba. Foleni hakuipima kwa kilomita. Aliipima kwa themosi: siku nyepesi ilikuwa foleni ya themosi tatu, siku mbaya, ambayo kwake ilikuwa nzuri, themosi tisa. Mwaka uliopita alitundikiwa dripu mara sita kwa ajili ya uvimbe wa kifuani, na Eriaku, kwa kukosa neno lingine la kumfariji, alimweleza kwamba dawa iliyomo ni madini ya platinamu.

"Ni ghali?" aliuliza Adeke.

"Ni chuma cha watu wa pete."

"Basi mkinizika muweke mlinzi. Hawa wachimbaji watanifukua."

Dripu ya saba haikuwekwa. Figo zilikuwa zimeikataa platinamu. Tangu hapo Adeke alikuwa akiuliza habari za unga wa manjano kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mtoto wa jirani aliyeko chuoni: kwa adabu, bila kutarajia kumwona. Eriaku hakumdanganya. Alimwambia kwamba hata kila kitu kikienda sawa, kutoka kisahani hadi kidonge ni miaka kumi na mitano.

"Sawa, Daktari," alisema Adeke. "Nitakuwekea chai."

Jumanne moja katikati ya Agosti, Eriaku aliamka Burumba, mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka Uganda, akasafiri kilomita thelathini hadi Malaba kuitafuta Uganda hiyohiyo, kwa sababu dirisha la utafiti lilikuwa huko. Alibeba kiboksi cha barafu. Ndani yake kulikuwa na kichupa kimoja kilichofungwa kwa karatasi ya foili, kwa maana unga ule haukupenda joto na ulichukia mwanga. Ulikuwa ndio wote. Mabaki yalikuwa yameishia kwenye vipimo, na ile gramu ya chumvi ya dhahabu ulikotoka, aliyoletewa na basi kutoka Nairobi pamoja na katoni ya vifaranga, ilikuwa ya mwisho. Kampala seli zilikuwa zimeshatolewa kwenye barafu na kuamshwa, zinamsubiri Alhamisi.

Fomu alijazia kwa Trizah, wakala wa forodha mwenye kibanda, printa moja na miaka kumi na tisa ya kujua neno gani haliandikwi. Alipofika kwenye mstari wa "aina ya bidhaa", Trizah aliinua kalamu yake na kuitikisa.

"Boss, hapo andika unga wa maabara. Wachana na hiyo ingine."

"Lakini si ndivyo ulivyo. Ni kiambatano cha dhahabu."

"Nasikia. Sasa nikuambie kitu. Hapa watu wanavukishanga dhahabu wakiandika unga. Wewe unavukisha unga unaandika dhahabu. Hiyo masomo ulienda kusomea wapi?"

Eriaku alitabasamu, na akaandika dhahabu. Isidhaniwe alikuwa mjinga. Kwa miaka ishirini alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba chupa isiyo na jina lake la kweli humwagwa, na alikuwa ameshawahi kumwangusha mtihani kijana mzuri tu kwa kosa hilo. Asingeweza kuanza kumwaga kanuni yake kwenye kibanda cha Trizah. Tena dirisha lilikuwa la samawati. Lilikuwa lake.

Dirishani alikuwako afisa Egesa, mtu mpole, aliyenyoosha kola. Alisoma fomu mara mbili.

"Daktari, hii inasema dhahabu."

"Imo ndani yake. Lakini si dhahabu kama unavyoijua. Ni dawa. Inaweza kuwa dawa."

"Ninakuamini kabisa," alisema Egesa, na ilionekana kweli alimwamini. "Ila mimi nikisoma dhahabu, sheria inanitoa kwa dirisha hili. Hayo ni madini. Mpaka mpimaji aje."

"Atakuja lini?"

"Ako na kaunti nne na gari moja."

Kichupa kilitolewa kwenye barafu, kwa kuwa fomu ya vielelezo haikuwa na nafasi ya barafu. Foili ilibanduliwa, kwa kuwa kielelezo lazima kionekane. Kilitiwa kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa, kikapigwa lakiri na kuwekwa juu ya rafu iliyotazama magharibi. Eriaku aliomba kifunikwe hata kwa gazeti. Egesa alieleza kwa masikitiko kwamba mfuko ukishapigwa lakiri, kuufunika ni kuuficha.

Alhamisi ilipita. Seli za Kampala ziliendelea kuongezeka, kama ilivyo desturi yao, mpaka zikajaa visahani na kutupwa. Eriaku alikwenda Malaba kila Jumamosi kukitazama kichupa kupitia kioo. Jumamosi ya pili unga ulikuwa wa rangi ya mchanga. Ya nne ulikuwa wa zambarau pembeni. Alijua kinachotendeka humo, kwa kuwa alikuwa amekifundisha: mikono ilikuwa inachoka, koleo linaachia.

"Inaendelea aje?" Adeke aliuliza, akimmiminia chai.

"Inakufa."

"Hata yenyewe," alisema Adeke. Alifunga kifuniko cha themosi kwa mikono miwili, akapumzika kidogo.

Mpimaji alifika tarehe mosi Oktoba. Siku iliyofuata simu ya Eriaku ililia akiwa darasani.

"Daktari, hongera," alisema Egesa. "Imethibitishwa. Ni dhahabu."

Alipofika jioni hiyo walimwonyesha. Unga haukuwepo tena. Ndani ya kioo, kuanzia chini hadi kimo cha kidole, kulikuwa na ngozi nyembamba ya dhahabu safi, laini, inayometameta kwa jua la magharibi. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza.

"Ilipoingia hapa haikuwa dhahabu," alisema Eriaku.

"Lakini uliandika mwenyewe."

Na ni kweli, Eriaku alikuwa ameandika. Alitia sahihi mahali alipoonyeshwa. Kichupa kingepelekwa Nairobi, ambako huwekwa vitu vya aina hiyo.

Nje, foleni ilikuwa ya themosi tisa na zaidi, malori yamejipanga hadi mwisho wake usionekane. Adeke alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu kando ya barabara, na themosi mbili. Siku hizo hakuweza kubeba zaidi.

"Imevuka?"

"Imeenda Nairobi."

Adeke alisogea kidogo juu ya tairi. "Angalau imepata nauli," alisema. "Keti. Kuna kikombe kimoja kimebaki."

Taarifa ya robo ya kwanza ilisomwa mwezi huohuo, kama ilivyoahidiwa. Chini ya kichwa cha sampuli za utafiti zilizokaa mpakani zaidi ya dakika thelathini paliandikwa "hakuna", kwa kuwa kichupa kile kilikuwa kimeingizwa upande wa madini.