Ushuru wa Jiwe la Mama

Mama alipokuja kunitembelea Barking, aliacha makoti nyumbani akapakia jiwe lake la kusagia. Ulezi wa uji wake haujawahi kupita mashineni, na hakuona sababu ya kuanzia Uingereza. Kila asubuhi alipiga magoti jikoni kwangu akasaga. Wiki ya pili ikaja barua: jirani wa ghorofa ya chini kalalamikia kelele, meneja wa jengo atakuja Alhamisi.

"Wakilikataza jiwe, nikatie tiketi ya kurudi," mama alisema. Niliumia. Nilikuwa nimemsubiri miaka sita.

Jumamosi nikampeleka kwenye kinu cha zamani cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji, karibu na Stratford, angalau tuisahau barua. Mzee aliyetutembeza alisema hapo kale bwana mwenye ardhi alikuwa na mahakama yake mwenyewe. Wote waliokaa kwenye ardhi yake walilazimika kusaga kwenye kinu chake na kumwachia sehemu, ndiyo ushuru wake. Aliyekutwa akisaga nyumbani alishtakiwa, na jiwe lake likachukuliwa.

Mimi na kuuliza hatuachani. "Hakimu alikuwa nani?"

"Mtu wa bwana huyohuyo."

Kesi ya nyani, hakimu ngedere! Nikamtafsiria mama nikitegemea acheke. Yeye akataka kujua jambo moja tu: "Kwa hiyo aliyetoa ushuru hakusumbuliwa?"

Mzee alikubali kwa kichwa.

Kesho yake mama alisaga kama kawaida, akajaza unga bakuli, akanituma kwa jirani.

"Mama, huku watu hawapelekeani unga."

"Kwani nimekuuliza? Kelele anazipata yeye, na unga aupate."

Jirani, dereva wa basi mstaafu anayeishi peke yake, alisikiliza maelezo yangu ya kupika uji bila kutabasamu. Lakini bakuli lilirudi limeoshwa. Jumatatu likashuka tena, na Jumanne, na Jumatano.

Alhamisi mama aliamka na mafua, hakusaga. Mlango ulipogongwa nilijua ni meneja. Alikuwa yeye kweli, na faili lake. Nyuma yake alisimama jirani, bakuli mkononi.

"Leo sijalisikia jiwe," jirani aliniambia, bila hata kumtazama meneja. "Mama yako ni mzima?"

Meneja alimwangalia, kisha akafunga faili.

Nilimtafsiria mama. Akajibu kutoka chini ya blanketi: "Mwambie avumilie. Ushuru wake kesho."